Kifungio Kidogo, Hasara Kubwa: Namna ya Kufungua Vifungio vya Plastiki Vilivyokaza kwenye Pikipiki

Katika vijiji na mitaa ya wilaya, pikipiki imekuwa mguu wa pili wa kaya. Hubeba mgonjwa kwenda zahanati, gunia la mahindi kwenda mashineni, fundi kwenda kazini na mtoto kwenda shule. Vijana wengi huipata kupitia vikundi vinavyonufaika na mikopo itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa kwa uwiano wa asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa mtu wa namna hiyo, siku ambayo pikipiki imelala ni siku ambayo abiria hakubebwa, chakula cha nyumbani kimepungua na fedha ya marejesho haikuingia.

Ndiyo maana wamiliki wengi hujifanyia wenyewe matengenezo madogo nyumbani: kubadili taa, kusafisha chujio la hewa, kukagua betri au kuweka fyuzi mpya. Kazi hizo si ngumu. Hata hivyo, kati ya mkono na kifaa kinachotengenezwa kuna kava la plastiki, na kava hilo limeshikwa na vifungio vidogo vya plastiki ambavyo mafundi wengi huviita klipu. Hapo ndipo hasara nyingi huanzia.

Mfano ufuatao unatosha. Dereva wa bodaboda anarudi nyumbani jioni, na taa ya mbele imezimika. Amenunua balbu mpya, kazi ya dakika kumi tu. Anaingiza bisibisi pembeni mwa kava na kulikwanyua. Kifungio hakitoki, lakini kikucha cha kava kinakatika. Balbu inawekwa na taa inawaka; kava linafungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu. Wiki mbili baadaye mvua inanyesha, maji yanapenya kwenye mwanya ulioachwa na kikucha kile, kiungo cha waya kinashika kutu, na taa inazimika tena. Safari hii inazimika saa mbili usiku, njiani, abiria akiwa nyuma.

Somo hili linaeleza namna ya kuepuka mkasa wa aina hiyo. Msingi wake ni mmoja: kifungio cha plastiki hufunguliwa kwa kuijua njia yake, wala si kwa nguvu, na kikikataa kabisa, heri kikatwe chenyewe ili kava lisalimike.

Kwa nini pikipiki hutumia vifungio vya plastiki

Plastiki kwenye pikipiki si jambo la jana. Honda Super Cub, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1958, ilikuwa na kinga ya miguu ya plastiki wakati ambapo pikipiki nyingi zilivikwa bati. Plastiki ni nyepesi, haishiki kutu, na ikitikisika barabarani haipigi kelele kama bati. Kifungio cha plastiki nacho kina sifa zake: kiwandani huwekwa kwa kidole kimoja, hupunguza mtikisiko kati ya kava na fremu, na hakikwaruzi rangi.

Ifahamike pia kwamba kifungio hicho kimetengenezwa kwa bei nafuu kwa makusudi. Ni kitu cha kuchakaa na kubadilishwa. Kava halikutengenezwa hivyo. Ni kubwa, lina umbo la pikipiki moja tu, na kwa modeli za zamani huenda lisipatikane madukani. Mtu anayelivunja kava ili kukiokoa kifungio amekuwa kama aliyeuza ng'ombe ili anunue kamba ya kumfungia.

Aina tano za kuzitambua

Kabla ya kugusa bisibisi, mwenye pikipiki akitazame kifungio kwa dakika moja. Kila aina ina mlango wake.

Aina ya kwanza ni ya kubonyeza. Ina kichwa cha mviringo, na katikati ya kichwa hicho kuna pini ndogo iliyolingana nacho au iliyozama kidogo. Hufunguliwa kwa kuibonyeza pini hiyo kuelekea ndani kwa kiasi cha milimita 2 hadi 3, hadi isikike ikikubali. Hapo mabawa yaliyo nyuma hujikunja na kifungio kizima huvutwa kwa vidole. Kosa kubwa ni kuibonyeza pini kupita kiasi, kwani huchomoka upande wa pili na kupotelea ndani.

Aina ya pili ni ya kuinua. Hii ina vichwa viwili, kimoja juu ya kingine, na pembeni mwa kichwa cha juu kuna kijinafasi cha kupitisha ncha ya bisibisi bapa. Kichwa cha juu huinuliwa kwanza, kisha mwili wa kifungio hutolewa. Anayeinua vichwa vyote kwa pamoja hukipanua kifungio badala ya kukilegeza.

Aina ya tatu ina alama ya msalaba katikati, mfano wa skrubu. Huzungushwa kinyume cha saa taratibu, huku kichwa chake kikiinuliwa kwa ukucha. Hesi zake ni za plastiki na ni fupi. Bisibisi ikikandamizwa kwa nguvu kama kwenye skrubu ya chuma, pini hurudi ndani badala ya kutoka.

Aina ya nne ni ya miiba, yenye shina lililozungukwa na matabaka ya miiba iliyoelekea nyuma. Haina pini ya katikati wala mahali pa kuzungusha. Huvutwa moja kwa moja kwa kifaa chenye umbo la uma kinachokumbatia shina chini ya kichwa. Mara nyingi miiba kadhaa hukatika, na hilo si kosa la mfunguaji.

Aina ya tano haina kifungio kinachoonekana. Kava lenyewe lina vijiti vinavyoingia kwenye raba zilizopachikwa katika fremu, au vikucha vinavyoingia kwenye matundu ya kava jirani. Makava ya pembeni ya pikipiki nyingi za kazi hushikwa hivi. Kijiti huvutwa kwa kunyooka kutoka kwenye raba, kimoja baada ya kingine, mkono ukishika karibu kabisa na kijiti hicho. Kikucha hutolewa kwa kulisukuma kava kinyume na upande ule kilikoelekea, si kwa kulivuta nje.

Pikipiki moja huweza kuwa na aina tatu kwa pamoja. Kava likikataa kutoka baada ya vifungio vyote vinavyoonekana kufunguliwa, hiyo ni dalili kwamba bado kuna kikucha, kijiti au skrubu iliyojificha, pengine chini ya kiti. Mkono usimame hapo na macho yaanze kutafuta.

Sababu za kukaza

Watu wengi wakikuta kifungio kimekaza hukimbilia mafuta ya kulegeza kutu. Lakini plastiki haishiki kutu. Ugonjwa wake ni mwingine, nao ukijulikana, tiba huonekana.

Sababu ya kwanza ni udongo. Vumbi la kiangazi huingia kwenye mwanya mwembamba kati ya pini na mwili wa kifungio. Mvua ya kwanza hulifanya tope, na jua hulikausha likawa kama saruji. Kuosha pikipiki kwa mashine ya maji yenye kasi huweza kuzidisha tatizo hili, kwa sababu maji husukuma mchanga ndani badala ya kuutoa nje.

Sababu ya pili ni jua na joto la injini. Mwanga wa jua huila plastiki polepole. Hupauka, hukauka na kupoteza unyumbufu wake. Kifungio kilichokuwa kikijikunja kama ukucha hugeuka kuwa kikavu kama ganda la yai.

Sababu ya tatu ni baridi. Plastiki ikiwa baridi huwa ngumu na hukatika upesi. Mtu wa nyanda za juu anayefungua kava alfajiri, umande ukiwa bado haujakauka, hujitafutia hasara ambayo mchana asingeipata.

Sababu ya nne ni mkono uliotangulia. Kifungio kilichowahi kugongwa, kukwanyuliwa au kuwekwa gundi hakifuati tena kanuni zilizoelezwa hapo juu.

Maandalizi

Vifaa vinavyohitajika havizidi uwezo wa kaya ya kawaida: bisibisi bapa nyembamba, bisibisi ya msalaba inayoenea vizuri, koleo lenye mdomo mwembamba, mswaki wa zamani, kitambaa, maji ya moto yenye sabuni, na kabari moja isiyo ya chuma. Kabari hiyo huweza kuchongwa kwa mpini wa mswaki wa zamani au kwa kipande cha mwanzi mkavu, kikapunguzwa ncha hadi kuwa bapa kama ulimi. Chuma hukwaruza na kuuma kwenye ukingo wa kava, mwanzi hauumi.

Pikipiki isimamishwe kwa stendi ya kati mahali tambarare, penye mwanga na kivuli. Injini na ekzosi viachwe vipoe kabisa. Koki ya petroli ifungwe, ikiwa ipo. Iwapo kazi inakaribia betri au waya, ncha hasi ya betri iondolewe kwanza. Watoto wadogo wawekwe mbali, kwa sababu pini za plastiki ni ndogo na huvutia kutiwa mdomoni.

Kabla ya kufungua chochote, ipigwe picha kwa simu kila upande. Kisha iandaliwe trei tupu ya mayai. Kila kifungio kinachotoka kiwekwe kwenye shimo lake kwa mpangilio wa kilivyotolewa, kikiwa na karatasi ndogo yenye jina la mahali kilipokuwa. Vifungio vinavyofanana kwa kichwa huweza kutofautiana kwa urefu, na kifupi kikirudishwa mahali pa kirefu kava hudondoka njiani.

Hatua za kufungua kifungio kilichokaza

1. Sehemu isafishwe kwanza. Mswaki wenye maji ya sabuni upitishwe kuzunguka pini, na udongo uliobaki kwenye mwanya utolewe kwa ncha ya sindano. Vifungio vingi vinavyodhaniwa kuwa sugu hufunguka baada ya hatua hii peke yake.

2. Plastiki ilainishwe kwa joto la wastani. Kitambaa kichovywe kwenye maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia, kikamuliwe na kufunikwa juu ya kifungio kwa dakika tano; kisha kirudiwe. Vifungio vingi hutengenezwa kwa nailoni, na nailoni ikipata joto na unyevu hulainika na kujikunja bila kukatika.

3. Kava lipunguziwe mzigo. Mara nyingi kifungio hukaza kwa sababu kava linakivuta upande mmoja. Mkono wa kushoto ulisukume kava kuelekea kwenye fremu hadi tundu na kifungio vilingane, ndipo mkono wa kulia ufungue.

4. Kifungio kifunguliwe kwa njia yake. Cha kubonyeza kibonyezwe, cha kuinua kiinuliwe, cha msalaba kizungushwe. Pini isipokubali, kitako cha bisibisi kigongwe kwa kiganja mara mbili tatu, polepole, ili tope lililokauka lipasuke.

5. Nyuma pakaguliwe. Ikiwa mkono unafika nyuma ya kava, mabawa ya kifungio yabanwe kwa mdomo wa koleo huku kichwa kikivutwa kwa mbele. Njia hii hufanya kazi hata pale pini inapokuwa imevunjika.

6. Kabari iingizwe mahali pake. Isiwekwe mbali na kifungio ili kupata nguvu zaidi, kwani hapo ndipo kava hupasuka. Iwekwe chini ya kichwa chenyewe, ukingo kwa ukingo, na iinuliwe kidogo kila upande kwa zamu.

Kwa kifungio cha msalaba ambacho alama yake imechakaa, kipande chembamba cha mpira wa tyubu ya baiskeli kiwekwe kati ya bisibisi na kichwa. Mpira hujaza nafasi iliyolika na kushika. Ikiwa pini inazunguka lakini haipandi, mwenzake mmoja azungushe huku mwingine akiinua kwa kabari. Ikiwa mwili mzima wa kifungio unazunguka pamoja na pini, ukingo wa mwili huo ushikwe kwa koleo ili pini izunguke peke yake.

Kinapokataa kabisa

Baada ya kusafisha, kulainisha na kujaribu kwa utulivu, kifungio ambacho bado kinakataa kimekwisha kazi yake. Hapa ndipo wengi hupandwa na hasira, na hapa ndipo kava huvunjika. Uamuzi wa busara ni kukitoa kifungio sadaka.

Kichwa chake kikatwe kwa koleo la kukatia waya au kiparuzwe taratibu kwa kisu kikali, kisha shina lililobaki lisukumwe ndani na kuokotwa. Kisu kielekezwe mbali na mkono unaoshika. Pakihitajika kutoboa kwa keekee, ncha iwe nyembamba, mwendo uwe wa polepole, na jambo moja lithibitishwe kabla: nyuma ya kifungio hakuna waya, mpira wa petroli, betri wala tangi. Asiyeweza kulithibitisha hilo asitoboe.

Ikiwa kazi inafanyika karibu na chujio la hewa, mdomo wa njia ya hewa uzibwe kwa kitambaa safi. Kipande cha plastiki kilichoanguka humo kikavutwa na injini huweza kuleta gharama isiyolingana na balbu wala fyuzi.

Mambo ya kuepukwa

Petroli isitumike kulegezea wala kusafishia. Mbali na hatari ya moto, hudhoofisha baadhi ya plastiki, hasa ile ya aina ya ABS inayotumika sana kwa makava yanayong'aa. Nyufa huweza kujitokeza baadaye, mahali ambapo hapakuguswa na bisibisi. Mafuta ya breki nayo huharibu rangi na plastiki, hivyo yakidondoka yaoshwe mara moja kwa maji mengi.

Moto wa kiberiti au wa mkaa usikaribishwe. Plastiki hupoteza umbo kabla mtu hajaona dalili, na tangi la petroli haliko mbali.

Grisi isipakwe kwenye vifungio. Hulainisha kwa siku chache, kisha hukusanya vumbi na kuwa chanzo cha ukaidi mpya. Anayetaka kulainisha atumie maji ya sabuni kwenye raba, au mafuta ya silikoni kwa kiasi kidogo sana.

Kurudisha kila kitu mahali pake

Kufunga ni nusu ya kazi. Kifungio cha kubonyeza hurudishwa kwa kuisukuma pini yake kutoka nyuma hadi kichwa chake kitokeze juu. Kisha kifungio huingizwa tunduni na pini hubonyezwa hadi ilingane na kichwa. Cha kuinua na cha msalaba huingizwa pini ikiwa juu, kisha hushindiliwa kwa kidole. Kidole gumba kinatosha. Panapohitajika nyundo, kuna kitu kimekaa vibaya.

Mpangilio wa kurudisha ni huu: vikucha huanza, vijiti vya raba hufuata, na vifungio vya pini huja mwisho. Vyote viingizwe kwanza bila kukazwa, kava lilinganishwe, ndipo vikazwe kimoja kimoja. Usukani uzungushwe kushoto na kulia hadi mwisho ili kuhakikisha hakuna waya uliobanwa. Baada ya kurudisha ncha ya betri, zijaribiwe taa ya mbele, taa ya breki, taa za kuashiria kona na honi. Chombo chenye taa mbovu hakistahili kuwa barabarani usiku, na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, humtaka mwenye chombo kukitunza katika hali iliyo salama.

Kununua vipya na kutengeneza kilichovunjika

Anayekwenda duka la vipuri abebe kifungio cha zamani kama sampuli. Kinachopimwa ni kipenyo cha tundu la kava, wala si upana wa kichwa cha kifungio. Matundu ya milimita 6 na milimita 8 ni ya kawaida kwenye pikipiki. Pia upimwe unene wa vitu vinavyofungwa pamoja. Ni busara kuweka akiba ya vifungio vichache nyumbani, ili kimoja kikikatika jioni kisilale bila mbadala.

Waya, skrubu ndefu na vipande vya tyubu vichukuliwe kuwa msaada wa kumfikisha mtu nyumbani tu. Waya wa chuma husugua ngozi ya nyaya za umeme hadi zikagusana. Skrubu ndefu huweza kutoboa kilicho nyuma yake. Panapolazimu kutumia skrubu na nati, iwe fupi, iwekewe washa pana pande zote mbili, na isikazwe hadi kava kuinama.

Kava lililopata ufa lishughulikiwe mapema, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu dogo la milimita 2 au 3 likitobolewa pale ufa unapoishia, ufa huo hauendelei kirahisi. Kabla ya kupaka gundi, itazamwe herufi iliyochapwa ndani ya kava. Lenye alama ya ABS hushika gundi vizuri. Lenye alama ya PP halishiki gundi nyingi za kawaida, na huhitaji kuunganishwa kwa joto na fundi mwenye ujuzi.

Vipande vilivyovunjika visichomwe uani. Moshi wa plastiki una sumu, na huvutwa kwanza na watoto walio karibu. Viwekwe pamoja na taka ngumu kwa ajili ya ukusanyaji katika kata.

Maswali ya kujipima

Maswali haya yanaweza kujadiliwa nyumbani au kwenye kijiwe cha bodaboda:

1. Kifungio chenye pini iliyolingana na kichwa hufunguliwa kwa kuvutwa au kwa kubonyezwa?
2. Kwa nini mafuta ya kulegeza kutu si tiba ya kwanza ya kifungio cha plastiki?
3. Vifungio vyote vimetoka lakini kava halitoki. Hatua inayofuata ni ipi?
4. Nyuma ya kifungio kilichokataa kuna waya. Je, keekee itumike?
5. Ni taa zipi za kujaribiwa kabla ya pikipiki kurudi barabarani?

Majibu yote yamo katika somo hili. Kikundi kinachohitaji mafunzo zaidi ya matengenezo kiwasiliane na Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata kupitia ofisi ya Mtendaji wa Kata, ili kielekezwe kwenye mafunzo ya ufundi, yakiwemo yale yanayotolewa na vyuo vya VETA.

Dereva wa mfano uliotangulia angehitaji nini ili jioni yake iwe tofauti? Mswaki wa zamani, kitambaa cha maji ya moto na robo saa ya subira. Kifungio kingetoka, au kingekatwa na kubadilishwa. Kikucha cha kava kingebaki kizima, na mvua ingenyesha bila kupata mwanya. Saa mbili usiku taa ingekuwa inawaka, na abiria angeshushwa mlangoni kwake salama.